Chumba cha Kupanga Katika Mji wa Nairobi

Hapana shaka kwamba wengi wa wanafunzi watakaosoma kurasa hizi watakuja kuishi, kwa muda mfupi au mrefu, katika chumba cha kupanga. Mtu amalizapo masomo na kupata kazi mjini, jambo la kwanza alitafutalo si kiti wala meza, bali ni mahali pa kulaza ubavu wake. Huzunguka vitongojini akisoma vibao vilivyotundikwa malangoni, humwuliza msimamizi wa ploti kama kuna nafasi, hupandishwa ngazi na kufunguliwa mlango, na kabla hajatia mguu ndani huuliza swali ambalo limeulizwa mjini Nairobi kwa zaidi ya miaka mia moja: "Kodi ni kiasi gani?"

Swali hilo ni fupi, lakini historia yake ni ndefu. Watu wengi hudhani kwamba kodi ya chumba hutokana na mawe, saruji na mabati peke yake. Sivyo. Chumba kimoja cha Nairobi kilipimwa na sheria, kikapimwa na mshahara, kikapimwa na umbali, hata kabla fundi hajakipima kwa futi zake. Ndiyo sababu chumba cha kodi nafuu kina bei mbili: bei itajwayo langoni, na bei nyingine ilipwayo baadaye, kidogo kidogo, kwa nauli, kwa maji, kwa usingizi, na pengine kwa uhai wenyewe. Makusudi ya insha hii ni kueleza jinsi bei hii ya pili ilivyopata kuwako, ili kijana aendapo kutafuta chumba ajue atafutalo.

Mji wa Nairobi si wa kale kama Mombasa, Lamu au Malindi. Mwaka 1899 reli iliyokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kuelekea Ziwa Viktoria ilifika mahali penye maji baridi, ambapo Wamaasai walikuwa wakinywesha ng'ombe wao. Makao makuu ya reli yakawekwa hapo, na mwaka uo huo ofisi ya serikali ya jimbo la Ukamba ikahamishwa kutoka Machakos. Baada ya miaka michache Nairobi ikachukua nafasi ya Mombasa kuwa makao makuu ya serikali ya Kiingereza. Hivyo mji ulizaliwa kwa ajili ya kazi, na waliouanzisha hawakuwaza sana juu ya mahali watakapolala wafanyao kazi hiyo.

Idara ya reli iliwajengea baadhi ya watu wake safu za vyumba vidogo, na jina la safu hizo laishi mpaka leo katika barabara iitwayo Landhies. Lakini wapishi, madobi, wapagazi, wachuuzi na askari waliomaliza utumishi walilazimika kujitafutia wenyewe. Pembezoni mwa mji vikachipuka vijiji vilivyoitwa Mombasa, Maskini, Kaburini na Pangani. Majina hayo ni ya Kiswahili, na si majina tu yaliyotoka pwani, bali hata namna ya kujenga. Nyumba ya Kiswahili ina mlango wa mbele unaofunguka kwenye ukumbi mrefu; kulia na kushoto kuna vyumba; na nyuma kuna ua penye mahali pa kupikia, pa kuogea, na choo. Nyumba ya namna hii, iliyofaa kwa jamaa moja kubwa, ilifaa vilevile kwa jambo jingine. Mwenye nyumba aliweza kubaki na chumba kimoja, akapangisha vingine kwa wageni wasiojuana, kila mmoja na kufuli lake, wote wakitumia ua mmoja. Basi hapo ndipo ilipoanza biashara ya chumba kimoja katika mji wa Nairobi.

Serikali haikupendezwa na vijiji hivi. Tauni ilikuwa imeingia mjini tangu miaka ya mwanzo, na mwaka 1902 soko la Wahindi lilichomwa moto kwa kuogopa ugonjwa huo. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya, Profesa W. J. Simpson, alitoa taarifa iliyoshauri kwamba watu wa kila rangi wakae mahali pao mbali na wengine. Ushauri huo uliitwa wa afya, lakini matokeo yake yalikuwa ya siasa. Wazungu walichukua vilima vya magharibi vyenye udongo mwekundu na miti. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye uwanda wa udongo mweusi ambao hugeuka tope mvua inyeshapo na kupasuka jua likiwaka. Mtu atazamaye ramani ya Nairobi leo, akaona mahali ambapo vyumba vya bei nafuu vimesongamana, ataona kwamba mstari uliochorwa wakati ule haujafutika wote.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza, mahali paitwapo Pumwani palitengwa kuwa makazi ya Waafrika. Watu walipewa viwanja wajenge, nao wakapaita Majengo. Vijiji vya zamani vikabomolewa kimoja baada ya kingine, na kijiji cha Pangani, kilichosalia mwisho, kiliondolewa mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliotolewa huko walipelekwa kwenye nyumba mpya za Shauri Moyo. Wakati huohuo sheria ya kipande, iliyotungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika achukue cheti cha kazi yake, ambacho wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Asiye na kazi hakuwa na haki ya kukaa mjini. Kwa hiyo mpangaji wa siku zile alilipa kodi ya chumba, lakini pia alipaswa kuwa na ruhusa ya kuwako.

Katika habari hii yafaa tuwakumbuke watu ambao vitabu vya historia huwapita haraka. Sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake. Walitoka katika nchi na makabila mbalimbali, wengine wakiwa wamekimbia njaa, wengine wamefiwa au kuachwa, na hawakuwa na shamba la kurudia. Kwa kazi ngumu, ambazo baadhi yake ziliwaletea dharau, walikusanya fedha wakajenga nyumba za udongo na miti, wakazipangisha chumba kwa chumba. Kwa mwanamke wa namna hiyo kodi ilikuwa ndiyo shamba lake, na ndiyo akiba ya uzee wake. Watu waliojenga sehemu hii ya mji hawakuwa wahandisi wenye michoro. Walikuwa watu wa kawaida waliojua kwamba mgeni hana budi kulala mahali.

Sasa twafikia jambo ambalo naona ndilo kiini cha habari yote. Serikali na Baraza la Mji walipoanza wenyewe kujenga nyumba za Waafrika, hawakuhesabu nyumba, walihesabu vitanda. Majengo ya Kariokor, yaliyopewa jina la kikosi cha wapagazi wa vita, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1920 yakiwa mabweni. Mwafrika mjini alifikiriwa kuwa mwanamume mmoja, kijana, asiye na mke wala watoto karibu naye, aliyekuja kufanya kazi kwa muda, ambaye mwisho wake angerudi kijijini. Mtu kama huyo, walisema, atosheka na nafasi ya kitanda. Hata kima cha chini cha mshahara kilihesabiwa hivyo: chakula cha mtu mmoja, nguo za mtu mmoja, na kitanda cha mtu mmoja. Mkewe na wanawe walidhaniwa kulishwa na shamba.

Hesabu hiyo ilikuwa na hila ndani yake. Ikiwa mshahara unatosha kitanda tu, basi mtu hawezi kupanga chumba; na asipoweza kupanga chumba, hawezi kuleta jamaa yake; na asipoleta jamaa yake, watu husema, "Mwaona? Huyu si mtu wa mjini." Hivyo mshahara ulizaa chumba kidogo, na chumba kidogo kikatumiwa kuwa ushahidi wa kuhalalisha mshahara mdogo.

Wafanyakazi hawakukaa kimya. Mambo yalichemka kwanza Mombasa, ambako kodi ilikuwa imepanda na vyumba ni haba. Mwaka 1939 wafanyakazi wa huko waligoma, na tume iliyoongozwa na Bwana Willan, iliyochunguza sababu, iliona wazi kwamba upungufu wa nyumba ulikuwa mojawapo ya mizizi ya ugomvi. Waajiri wengi hawakuwapa watu wao nyumba wala fedha za kutosha kupanga, ijapokuwa sheria iliwataka kufanya hivyo. Kutokana na mgomo ule baadhi ya wafanyakazi walianza kupewa nyongeza ya kodi juu ya mshahara. Vita Kuu ya pili ilipandisha bei za vitu vyote, na mwezi wa Januari 1947 Mombasa ikagoma tena, mgomo mkubwa zaidi, ambao ulizaa chama cha wafanyakazi kilichoongozwa na Chege Kibachia. Madai ya kodi yalikuwamo tena.

Nawaomba wanafunzi walitie jambo hili moyoni. Mwalimu, karani au muuguzi apokeapo karatasi ya mshahara wake leo, huona mstari mmoja ulioandikwa marupurupu ya nyumba. Mstari huo haukushuka kutoka mbinguni. Watu walisimamisha kazi bandarini na kwenye reli, wakahatarisha ugali wa watoto wao, ndipo ukaandikwa. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi makao ya kufaa, au amlipe fedha za kutosha kupanga makao hayo, juu ya mshahara wake. Asiyejua asili ya haki yake hawezi kuitetea.

Baada ya vita, fikra za watawala zilianza kubadilika, ingawa polepole. Katika miaka ya 1940 zilijengwa nyumba za Kaloleni, za mawe na vigae, zenye nafasi ya bustani katikati, na hizi zilikusudiwa watu wenye jamaa. Mwaka 1948 wataalamu walichapisha ramani kubwa ya kuupanga mji upya, na mwaka 1950 Nairobi ikatunukiwa hadhi ya jiji. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilikiri kwamba mshahara wa kitanda kimoja hauwezi kumfanya mtu kuwa mfanyakazi wa kudumu, ikashauri mshahara upimwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake.

Walakini mwaka uo huo ulikuwa mwaka wa huzuni. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952, na tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi. Watu wa Kikuyu, Embu na Meru walikamatwa kwa maelfu, wakatolewa vyumbani mwao na kupelekwa kambini. Mtu aliyekuwa amelipa kodi ya mwezi mzima aliondoka na nguo alizovaa. Mitaa mipya iliyojengwa katika miaka ile, Ofafa na Mbotela, ilipewa majina ya Waafrika wawili mashuhuri wa mjini, Ambrose Ofafa na Tom Mbotela, waliouawa katika misukosuko hiyo. Kwa hiyo hata majina ya mitaa tunamopanga vyumba yana damu ndani yake.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, vizuizi vya kuingia mjini viliondoka, na watu wakaja. Hesabu za watu zaeleza habari hii kuliko maneno mengi. Mwaka 1948 Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000. Mwaka 1969 walikuwa 509,286. Mwaka 1979 walikuwa 827,775. Mwaka 1999 walikuwa 2,143,254. Na mwaka 2019 walifika 4,397,073. Hakuna serikali ambayo ingeweza kuwajengea watu hawa wote kwa haraka hiyo, lakini namna serikali ilivyojaribu yatufundisha jambo.

Waraka wa serikali Na. 5 wa 1966/67 uliweka siasa ya nyumba ya taifa jipya. Ulitaka nyumba ya mjini isipungue vyumba viwili, pamoja na jiko na choo chake. Nia yake ilikuwa njema; ulikuwa jibu kwa aibu ya kitanda kimoja, kana kwamba taifa lilisema, "Mwananchi si mtu wa bweni." Lakini nyumba ya vyumba viwili yenye jiko na choo ilikuwa na gharama, na mwenye mshahara mdogo hakuimudu. Kwa hiyo nyumba zilizojengwa kwa fedha za umma ziliwaendea wenye uwezo wa kati, na maskini akarudi palepale alipokuwa, kwenye chumba kimoja cha mtu binafsi, mahali ambapo sheria haikutazama. Sheria inayokataza kibaya bila ya kuwezesha kizuri hukiacha kibaya kiendelee gizani.

Mwaka 1975 njia nyingine ilianza kujaribiwa Dandora, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Badala ya kujenga nyumba kamili, serikali ilipima viwanja 6,000, ikavipa maji, mifereji na choo, ikawaachia watu wajenge wenyewe kidogo kidogo. Wengi walijenga vyumba kadhaa, wakakaa katika kimoja na kupangisha vilivyobaki. Wengine walipangisha vyote wakaenda kuishi kwingine. Mtaa wa Umoja, uliojengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Marekani, ulianza kwa nyumba za chini zilizopangwa vizuri. Baadaye wenye nyumba wakaongeza vyumba uani, kisha ghorofa, kisha ghorofa juu ya ghorofa. Mtu akitazama kwa makini ataona kwamba Dandora na Umoja zilirudia kazi ya Majengo: mwenye ploti, ukumbi mrefu, safu ya milango, na kufuli moja kwa kila mlango. Tofauti ni kwamba ukumbi uliokuwa ukitambaa ardhini sasa umepanda hewani, na ua umegeuka kuwa tundu la mwanga katikati ya kuta.

Katika Huruma, Kayole, Pipeline na Githurai zimesimama nyumba za ghorofa sita, saba na zaidi, zenye vyumba vya futi 10 kwa 10 au karibu na hivyo. Katika nyumba hizo, na hata katika vitongoji vya mbali zaidi, kumekuja chumba cha namna mpya kiitwacho bedsita: chumba kimoja chenye pembe ya kupikia na choo kilicho ndani ya mlango wake. Wazee waweza kukicheka, wakisema kwamba jiko, kitanda na choo haviketi pamoja. Lakini tusikidharau. Choo cha ndani chenye kitasa, ambacho hakitumiwi na milango kumi mingine, ni heshima kubwa, hasa kwa mwanamke au binti aishiye peke yake. Bedsita ni kitanda kile kile cha zamani kilichodai, baada ya miaka mingi, kupewa haki zake.

Bedsita nyingi zimefuata barabara. Ilipokamilika ile barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa, mwaka 2012, nyumba za kupangisha zilichipuka Roysambu, Zimmerman, Githurai na Kahawa kama uyoga baada ya mvua. Kahawa yenyewe ni mfano mzuri wa jinsi mahali pawezavyo kubadilika: mwaka 1965 kambi ya majeshi ya Kiingereza iliyokuwa huko iligeuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta, ambacho leo ni chuo kikuu, na wanafunzi wake ni miongoni mwa wapangaji wa vyumba hivyo. Upande wa kusini watu wamekwenda Rongai na Kitengela. Upande wa kaskazini, Ruaka na Ruiru. Kadiri mtu asogeavyo mbali na mji, ndivyo kodi ishukavyo. Na hapo ndipo bei ya pili inapongoja.

Katika chuo nifundishacho, walimu vijana wanaokaribia kupelekwa kazini hunijia na maswali ya namna hii, nami huwapa hesabu. Tuseme chumba cha karibu na kazi kodi yake ni shilingi 9,000 kwa mwezi, nacho chumba cha mbali ni shilingi 6,000. Kijana hufurahi kuokoa shilingi 3,000. Lakini ikiwa nauli ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, kwa siku 24 za kazi atalipa shilingi 4,800. Chumba cha shilingi 6,000 kimekuwa cha shilingi 10,800, na juu ya hayo saa mbili au tatu za kila siku zimepotea barabarani, saa ambazo mwalimu angesahihishia madaftari au kupumzika. Mtu aliyehamishwa kutoka Pangani kwenda mbali zaidi na kazi yake alilipa bei hiyo kwa miguu. Mpangaji wa Rongai huilipa ndani ya matatu. Si jambo jipya.

Bei ya pili yaweza kuwa kali kuliko nauli. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita iliyokuwa kando ya mto huko Huruma ilianguka, na zaidi ya watu 40 wakafa. Walikuwa watu wa vyumba kimoja kimoja, waliolipa kodi ndogo kwa sababu hawakuweza kulipa zaidi. Hatuwezi kuwalaumu kwa kutafuta nafuu. Lakini twapaswa kuuliza ni nani aliyeruhusu ghorofa zile zisimame mahali pale, na ni nani aliyepaswa kupima mchanga, saruji na chuma. Chumba kilipomhesabu mpangaji kuwa kitanda tu, kilimnyima nafasi. Kilipojengwa kwa ulaghai, kilimnyima uhai. Mzizi wa mambo haya mawili ni mmoja: mpangaji wa kodi ndogo hakuhesabiwa kuwa mtu kamili.

Je, sheria imemsahau mpangaji? La, haikumsahau kabisa. Tangu mwaka 1959 Kenya ina sheria ya kuzuia kodi za nyumba kupandishwa ovyo, pamoja na baraza la kuamua mashauri ya wenye nyumba na wapangaji. Chini ya sheria hiyo mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji pasipo amri. Walakini kiwango kilichoandikwa ndani yake, cha kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiliachwa nyuma na bei za soko, hata wapangaji wengi wa bedsita wakajikuta nje ya kivuli chake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, ilisema kwamba kila mtu ana haki ya makao ya kutosha anayoweza kuyafikia, na usafi wa kiwango cha kufaa. Mwaka 2024 ilipitishwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyoweka mchango wa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri akatakiwa kutoa kiasi hicho hicho. Kama nyumba hizo zitamfikia mwenye mshahara wa chumba kimoja, au zitapita juu ya kichwa chake kama zile za siasa ya 1966/67, ni swali ambalo kizazi kisomacho insha hii kitalijibu.

Kwa sasa kijana atafutaye chumba na ajisaidie kwa maarifa aliyo nayo. Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Asidanganywe na rangi mpya ya lango wala vigae vya ngazi. Na aende mwenyewe, asitume fedha kwa simu kwa mtu asiyemwona wala kwa chumba asichokikanyaga, kwa kuwa walaghai hupenda haraka ya mgeni. Na aende mara mbili, mchana na usiku: mchana aone kama jua na hewa huingia, usiku asikie kelele na aone kama njia ina taa. Na afungue bomba mwenyewe, kisha awaulize wapangaji, si msimamizi peke yake, maji hutoka siku ngapi kwa juma, na mtungi hununuliwa kwa bei gani yasipotoka. Na atazame kuta kama zina nyufa, na ngazi kama ina njia ya pili ya kutokea moto ukizuka. Na ajumlishe kodi, nauli, maji, stima na taka, kabla hajasema kwamba chumba ni nafuu. Mwisho, alipapo kodi ya mwezi wa kwanza na amana, na apate risiti na maneno yaliyoandikwa: amana itarudishwa lini, na kodi itaongezwa kwa taarifa ya muda gani. Kalamu ni rafiki wa mpangaji kuliko ulimi.

Lakini maarifa ya mtafutaji hayatoshi ikiwa wajengao hawana insafu. Miongoni mwenu, wanafunzi, wako watakaokuwa wahandisi na wakaguzi wa majengo, wako watakaokaa katika mabaraza ya kaunti, na wako watakaorithi ploti au kununua na kuweka vyumba vya kupangisha. Siku hiyo mtakuwa upande wa pili wa mlango, na mkononi mwenu mtakuwa na kipimo. Wale wa zamani walishika kipimo kama hicho wakapima kitanda. Nyinyi pimeni mtu: mtu alalaye, apikaye, aogaye, asomaye, augue na kupona, aoe na kulea. Chumba kikiwa kidogo lakini kimepimwa kwa mtu, kitakaliwa kwa amani. Nacho kikiwa kikubwa lakini kimepimwa kwa kodi peke yake, hakitakosa mpangaji, ila hakitakosa machozi pia.